Mbio za alasiri na kijana mwenye saumu

Tulidhani kijana wa tenisi hufunzwa kwa kuzungushwa uwanja mpaka achoke. Tulikosea. Pointi nyingi huisha chini ya sekunde 10, kisha mchezaji ana sekunde 25 tu kabla ya kuanza nyingine. Basi mazoezi nayo yafuate mwendo huo: mbio kali za sekunde chache, pumziko, kisha tena. Ramadhani iliyopita tuliyafanya alasiri, na kijana wetu mmoja, mwenye saumu, akaanguka. Alhamdulillahi, aliinuka. Mama yake alituuliza nje ya msikiti, kwa upole uliotuchoma kuliko ukali, ni nani miongoni mwetu aliyekimbia pamoja naye. Hatukuwa na jibu. Sasa tunafanya baada ya Tarawehe, dakika 15, maji yakiwa karibu.