Kupeleka Lugha Ugenini

Kila safari ina sababu mbili: ile isemwayo na msafiri wakati wa kuaga, na ile aigunduayo mwenyewe akisha kufika. Ya kwanza hupambwa kwa maneno mazuri. Ya pili hupatikana kwa jasho na haya. Jambo hili huonekana wazi katika maisha ya vijana waendao Japani kufundisha Kiingereza.

Katika mwaka 1987 serikali ya Japani ilianzisha mpango wa kualika vijana wa nchi za kigeni, ili wasaidie kufundisha lugha katika shule zake na kuwajulisha wenyeji desturi za kwao. Mwaka ule walikwenda vijana 848 kutoka nchi nne: Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Tangu hapo zaidi ya watu 70,000 wamepita katika mlango huo. Sharti mojawapo ni shahada ya chuo kikuu. Cheti cha ualimu si lazima. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na hata ukirudiwa hauzidi miaka mitano. Kwa hiyo wengi wao jana walikaa mbele ya mwalimu, na leo wametakiwa kusimama mbele ya wanafunzi.

Achukuliwe kwa mfano binti wa miaka 22. Alipoulizwa sababu ya ombi lake alijibu kuwa anapenda kubadilishana utamaduni. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini kwa namna ambayo mbegu ni mti. Moyoni mwake kubadilishana kulikuwa na maana ya kutoa: yeye ana lugha ambayo dunia inaitafuta, naye atawagawia wasio nayo, na kwa ukarimu huo atashukuriwa.

Siku ya kwanza shuleni alivua viatu mlangoni, kama ilivyo desturi ya huko, akavaa sapatu za ndani. Mwalimu mwenye mvi, ambaye ndiye hasa mwenye darasa na binti ni msaidizi wake, aliinama akamwita sensei. Binti alijua kuwa neno hilo maana yake ni mwalimu. Baadaye alipata kujua kuwa asili yake ni aliyetangulia kuzaliwa. Mzee amemwita mtoto mtangulizi! Heshima hiyo ilimwelemea kuliko mizigo ya safari, maana katika mambo ya nchi ile yeye alikuwa amezaliwa asubuhi ile ile.

Darasani mambo yalikuwa kinyume cha matumaini. Wanafunzi walijua kanuni za Kiingereza, na pengine waliweza kuchambua sentensi ambayo yeye, mwenye lugha, hakuweza kuieleza. Lakini alipowauliza habari zao waliinamisha vichwa. Kimya kile alikidhania kuwa ni uvivu. Mwenzake alimweleza kwa upole, “Sensei, hawa si wavivu. Wamesomea mtihani, na katika mtihani kosa hutozwa alama. Wanaogopa kukosea mbele ya wenzao.” Habari ya woga ilimgusa, kwa kuwa yeye mwenyewe tangu afike hakuwa amethubutu kuomba hata mkate kwa lugha ya wenyeji. Dukani alikuwa akionyesha kwa kidole.

Kesho yake alijitambulisha darasani kwa Kijapani. Alikosea, watoto wakacheka. Alirudia, mmoja akamsahihisha, na wa pili akamsahihisha msahihishaji. Kisha ikawa zamu yao, nao, wakiwa wamekwisha kuona kuwa kosa haliui, walisema. Gari ambalo Mswahili huliita basi wao waliliita basu. Msomaji wa Kiswahili hatastaajabu, kwani ulimi wake pia hupenda neno limalizikie kwa irabu. Wareno walioacha neno meza katika pwani ya Afrika Mashariki ndio walioacha Japani neno pan, yaani mkate. Lugha zimekopeshana tangu zamani, na hakuna iliyofilisika kwa kukopa.

Tangu siku ile binti alishika ufagio pamoja na wanafunzi, maana huko watoto husafisha madarasa yao wenyewe, akala nao chakula cha mchana darasani. Walipomwuliza habari za kwao aligundua kuwa nyingi hakuwa amepata kuzifikiri. Ugeni ulimpa macho ya kuitazama nyumba yake.

Si haki kutaja faida za safari hizi na kunyamazia gharama yake. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa la ardhi lilitikisa kaskazini mashariki ya Japani, na bahari ikapanda juu ya miji ya pwani. Miongoni mwa maelfu ya waliokufa walikuwamo walimu wawili Wamarekani wa mpango huu, mmoja Ishinomaki na mwingine Rikuzentakata. Kwa kumbukumbu ya yule wa Ishinomaki, rafu za vitabu ziliwekwa katika shule za huko. Watu hawamwekei kumbukumbu ya namna hiyo mtu aliyewapitia tu.

Binti huyu hakukutwa na msiba kama ule. Mtihani wake ulikuwa mdogo: mwaka ulipokaribia kwisha aliletewa karatasi ya kuulizwa kama ataongeza mkataba, na kwa sababu gani. Alikumbuka jibu lake la kwanza, akaona haya kidogo. Safari hii aliandika kwa kifupi kuwa bado anajifunza, akaomba mwaka wa pili.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kubadilishana kwa kweli mgeni naye hupona, na ugonjwa umtokao ni kiburi.