Ukingo wa Bwawa na Haki ya Kupumzika

Huku Uingereza ninakoishi, si mbali na mji wa Leicester, liko bwawa la Rutland, lililojengwa katika miaka ya 1970 kwa kuliziba bonde la kijito cha Gwash karibu na kijiji cha Empingham, likajazwa maji yavutwayo kwa pampu kutoka mito ya Welland na Nene; nalo, kwa eneo lake la takriban kilomita za mraba 12, huwanywesha watu wa miji mingi, na papo hapo huwapa mahali pa tafrija waendesha baiskeli, wavuvi wenye vibali, wapenda mashua za tanga, na wazee wasiotaka zaidi ya benchi na upepo.

Makundi hayo hayagombani na ndege, kwa kuwa wahandisi, walipokuwa wangali wakichora bwawa lenyewe, walikwisha kukata shauri kwamba pembe za magharibi, penye maji ya kina kifupi, ziwe za ndege. Wakatengeneza huko vidimbwi vilivyozungushiwa matuta, ili bwawa likipungua vidimbwi visikauke, na mashua zikawekewa mpaka. Mwaka 1996 yaliletwa kutoka Scotland makinda ya osprey, mwewe mla samaki aliyekuwa hazaliani tena England tangu karne ya 19, na mwaka 2001 kinda la kwanza likaanguliwa hapo. Leo watu hulipa kiingilio wapate kuketi kimya katika vibanda vya mbao wakimtazama mwewe huyo.

Kwetu Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, maji hutafutwa mbali. Mji wa Nachingwea hutegemea chemchemi za Mbwinji zilizoko wilayani Masasi, na vijito vingi hubaki mchanga mtupu kiangazi kikikolea. Basi lambo lolote linaloshika maji hadi miezi hiyo hukusanya haja zote pamoja: ndoo za akina mama, ng'ombe wa wafugaji, nyavu, matuta ya mchicha, na watoto wanaopiga mbizi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, shughuli za kudumu na zile ziwezazo kuyadhuru mazingira. Sheria hiyo naiheshimu, wala sitaki ipunguzwe hata hatua moja. Lakini haimwambii mtoto aende wapi Jumapili alasiri, na Ruangwa, siku ambayo timu ya soka ya Namungo haichezi katika Uwanja wa Majaliwa, familia itakayo kupunga upepo haina pa kwenda.

Siombi Rutland ihamishiwe kusini. Nachingwea ilikwisha kuona, tangu mwaka 1947 hadi mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulipovunjika mwaka 1951, hasara ya kuipanga ardhi kwa ramani za ughaibuni bila kuihoji mvua wala udongo. Maji yetu yaliyotuama, yakiingiwa na konokono wa kichocho, humdhuru aogeleaye, achilia mbali mamba. Kwa hiyo tafrija yetu na iwe ya nchi kavu: njia ya miguu nje ya zile mita 60, viti chini ya miti ya asili, uwanja wa watoto upande wa ukuta wa lambo. Miti hiyo isiwe mikorosho, maana salfa na dawa zinazopulizwa mikoroshoni hupeperushwa na upepo hata majini. Ng'ombe wajengewe mabirika chini ya ukuta, yapate maji kwa bomba, wasikanyage ukingo na kuujaza tope. Na upande ule kijito kiingiapo, penye matete, uachiwe ndege na samaki wanaozaliana, asipite mtu.

Haya yote yagharimu kidogo mno yakichorwa mapema, na huwa ghali mno watu wakiisha kujenga. Ndiyo sababu naisihi Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, pamoja na halmashauri zetu mbili, kwamba kila lambo jipya litoke mezani likiwa na mchoro wa ukingo wake, ukabandikwe katika ofisi ya kijiji kabla tingatinga halijafika, na wa kwanza kuulizwa juu yake wawe wafugaji na akina mama wachotao maji.