Swali la Shangazi

Kiowevu tunachokuzia seli huwa chekundu kikiwa kipya. Seli za saratani zikinawiri ndani yake, kiowevu hugeuka njano, kwa kuwa zimekula glukosi na kutoa asidi ya laktiki, na rangi iliyotiwa humo huitikia asidi. Nilipoanza kazi ya maabara, njano ile ilinitosha. Nilidhani kuiona ni kuielewa.

Maelezo yake niliyapokea kutoka Berlin ya miaka ya 1920, ambako Otto Warburg aligundua kwamba vipande vya uvimbe hutengeneza asidi hiyo kwa wingi hata vikiwa na oksijeni ya kutosha. Jambo hilo linashangaza, maana molekuli moja ya glukosi ikivunjwa bila msaada wa mitokondria, viungo vya upumuaji ndani ya seli, huipa seli molekuli 2 tu za ATP, sarafu yake ya nishati, ilhali ikipitia humo huipa karibu 30. Kwa nini seli yenye haraka ya kukua ishike njia yenye pato dogo? Mwaka 1956 Warburg aliandika kwamba chanzo cha saratani ni kuharibika kwa upumuaji wa seli. Hoja hiyo imenyooka, na hoja iliyonyooka ina mvuto ambao hadi leo naukabili kwa shida.

Kumbe mitokondria za seli nyingi za saratani ni nzima, zinapumua. Unaweza hata kuiondolea seli DNA ya mitokondria, ile duara ndogo ya herufi 16,569 tunayorithi kwa mama, nayo ikaishi, mradi uipe piruveti na uridini. Sharti hilo lilinikaa moyoni. Uridini ni malighafi ya kujengea RNA. Ya nini kuihitaji, kama kilichopotea ni nishati tu? Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti huko Cambridge, Massachusetts, yalionyesha kwamba kazi kubwa ya upumuaji kwa seli inayogawanyika ni kuiwezesha kutengeneza aspateti, kijenzi cha protini na cha DNA pia. Mwaka huohuo ikaripotiwa kwamba seli za uvimbe zilizokosa DNA ya mitokondria, zilipopandikizwa kwa panya, ziliichukua kutoka kwa panya mwenyewe kabla ya kustawi. Tulikuwa tumeizoea mitokondria kama jiko la seli, tukasahau kuuliza kama ni karakana pia.

Nilikuwa bado nayatafakari hayo shangazi yangu alipopata saratani ya titi. Nilipokwenda kumwamkia aliniambia, "Mwanangu, wewe ndiye unayeisoma hii. Wananiambia sukari inailisha. Niache hata uji?"

Nilimweleza kwamba kiu ya sukari ni ya kweli, na kwamba zipo mashine zinazoitumia: mgonjwa hudungwa glukosi yenye mnururisho, na penye uvimbe mara nyingi pakang'aa. Lakini ini huendelea kutengeneza glukosi hata mtu akifunga kula, na mgonjwa anayekonda hupungukiwa na nguvu za kuhimili dawa. Anywe uji wake, na azungumze na daktari wake. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Basi huko maabara mnaona nini?"

Swali hilo lilinirudisha kwenye kazi yangu nikiwa na mashaka ambayo sikuwa nayo. Kiowevu tunachotumia kwa kawaida kina glukosi karibu mara 5 ya ile iliyomo katika damu ya mtu mzima mwenye afya ambaye hajala. Nilikuwa nikisoma tabia ya seli zilizo katika neema ambayo mwilini hazipewi, nikaiita tabia ya saratani. Siku hizi nazikuza seli zangu katika sukari ya kiwango cha damu. Mambo huenda polepole zaidi, na baadhi ya seli nilizodhani hazijali mitokondria zao naziona zikiziegemea. Si zote. Wala sithubutu kusema kwamba sahani hii mpya ndiyo mwili. Haina ini, haina mishipa, haina mtu.

Bado naulizwa kuhusu sukari na ndugu, majirani, watu tunaosali pamoja. Mimi huanza kwa kuuliza ni saratani ya wapi, na mgonjwa amekula nini juma hili. Mara nyingi nakuta ameshaacha kula.