Barua Kutoka Ruiru: Mwembe Uliochoka Kupanda Mlima

Ruiru, mwisho wa Agosti

Mjomba,

Nimefika salama. Nyumba ya binti yako imekwisha hadi rangi, na kilichobaki ni ua tu. Anakusalimu sana, na anasema blanketi ulilompa lilikuwa akili kubwa. Najua lakini kwamba habari unayoingojea wewe si ya rangi wala blanketi. Wataka kujua kama umtumie ile miche ya embe ngowe. Nivumilie kidogo nikupe safari kwanza, kwani nusu ya jibu niliiona dirishani mwa basi.

Treni niliikataa makusudi. Treni inakwenda mbio mno kwa mtu anayetaka kuangalia miti. Basi la mchana lilitutoa Mombasa na minazi ikatusindikiza hadi Mazeras, ikaanza kupungua, na tulipopita Mariakani ikawa imetuaga. Nyika ikaingia, kisha mibuyu. Mtito Andei hadi Kibwezi imesimama kila upande, mingine imechunwa gome hadi kimo cha mtu. Kuanzia Makindu ukawa ni mmoja hapa, mwingine kule, na Sultan Hamud nilijikuta sijauona kwa muda mrefu. Hakuna mstari uliochorwa. Kinachofanya kazi ni baridi: kila unapopanda mita 100, joto hushuka kwa kiasi cha nyuzi 0.6, na kutoka baharini hadi hapa umepanda zaidi ya mita 1500. Piga hesabu mwenyewe, halafu uniambie kwa nini nakuandikia nikiwa na soksi mbili.

Mipaka ya miti namna hii ipo hata kwa wenzetu: Marekani wana mwaloni mmoja wa pwani ya kusini, usiopukutisha majani. Umejaa Florida na majimbo ya jirani, ukifuata bahari kwenda kaskazini, hadi kona ya kusini mashariki ya Virginia; hapo ndipo unapoishia kwa asili yake. Watu wa kaskazini zaidi wakiupanda bustanini, huweza kuishi ila hubaki mdogo. Basi wao mpaka wa mti huutafuta kaskazini. Sisi tulio karibu na ikweta, hapa Ruiru ikiwa ni digrii moja tu kusini mwake, kaskazini yetu iko juu mlimani.

Na mwembe ndio mti wetu wa pwani uliothubutu kupanda kuliko wenzake. Mnazi ulibaki nyuma, mbuyu ukafuata, mwembe ukaja hadi huku. Wataalamu wa kilimo wa Kenya huupa nafasi kutoka usawa wa bahari hadi kama mita 1500, kwa hiyo Ruiru ndiyo mlangoni kabisa. Ndiyo maana unauona. Nimeiona miembe nyuma ya ploti za kupangisha, kwenye ua wa kanisa, na mmoja umebanwa kati ya maghorofa mawili ya mawe ukiwa umetoka juu kwa kung'ang'ania. Inapendeza macho: majani mapana ya kijani kizito, na machipukizi mekundu ya shaba kama ya kwetu. Mtu wa pwani akiyaona moyo unatulia, akadhani amefika nyumbani.

Jirani wa binti yako anao mmoja mkubwa, na ni mzee mwenye subira. Aliniruhusu kushusha tawi. Shada la maua lilikuwa refu kama mkono, lakini kikonyo chake kimejaa vidoa vyeusi, na maua ya nchani yamekauka yakiwa hayajafunguka. Nililitikisa kidogo tu, yakanimwagikia kiganjani makavu kama majani ya chai. Katika shada zima vijiembe vilivyoshika vilikuwa vichache, kila kimoja kama punje ya choroko, na kimoja tayari kina shimo jeusi ubavuni. Mzee akacheka. "Huu wangu ni wa kivuli," akasema. "Ukitaka embe nenda sokoni."

Sababu zenyewe ni mbili, na zote huja na Juni, Julai na Agosti. Hii ni miezi ya wingu. Jua linaweza kukosekana siku nzima na manyunyu yakashinda yanashuka. Usiku ukipoa chini ya nyuzi 15, chavua ya mwembe inadhoofika, ua likafunguka bure. Na pale unyevu unapokaa juu ya shada, kuvu wanaingia: ama ubwiri unga, unaoonekana kama shada limenyunyiziwa unga, ama huyu wa madoa meusi niliyemwona. Yaani mti wenyewe hauumwi. Shina nene, jani zuri, lakini unachanua wakati mbaya kuliko yote katika mwaka.

Sasa nikupe la kuchekesha. Huyu kuvu wa madoa meusi ana ndugu yake wa ukoo mmoja, naye ndiye aliyeufanya mji huu ujulikane duniani kwa wapenzi wa kahawa. Ni chulebuni. Anaozesha punje za kahawa zikiwa bado kijani mtini, na hupenda hivi hivi, baridi na umande. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipiga mashamba ya Kenya hadi wakulima wakashika vichwa. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapa hapa Ruiru, na watafiti wake wakakaa na kazi ya kuchanganya mbegu miaka mingi, hadi 1985 wakatoa aina iliyopewa jina la mji: Ruiru 11. Mbuni mfupi, unaopandwa kwa kubanana, unaostahimili chulebuni na kutu ya majani. Baadaye, 2010, wakaongeza Batian. Mwembe nao ungepata watu wa kuupigania namna hiyo, pengine mzee wetu angekula embe lake. Lakini nani atahangaika na mwembe wa Ruiru, wakati mwembe wa Makueni unazaa hadi matawi yanafungwa nguzo?

Hilo ndilo lililonipendeza zaidi huku, Mjomba. Mbuni ni mti wa baridi kiasi, unashuka kutoka juu. Mwembe ni mti wa joto, unapanda kutoka chini. Na Ruiru wamekutana, kila mmoja akiwa na malalamiko yake. Ukishuka kuelekea Thika na Makuyu, kahawa ya mashamba makubwa inahitaji kunyweshwa maji na mwembe unaanza kuchangamka. Ukipanda kuelekea Githunguri, kahawa inachangamka na mwembe unapotea.

Nilikwenda pande zote mbili. Kushuka ni rahisi: Thika Road ile ya njia nane, iliyofunguliwa 2012, inakutupa Thika kabla hujamaliza karanga zako. Nilikunywa chai Blue Posts, hoteli ya tangu 1908, maporomoko ya Chania upande huu na ya Thika upande ule. Kulikuwa na mti wa maua mekundu ambao wengi huuita Nandi flame. Elspeth Huxley alikiita kitabu chake cha 1959 The Flame Trees of Thika, na wageni huja wakiamini mti huo ni mzawa wa hapa. Kwao porini ni magharibi mwa Kenya, na huko mbele hadi Afrika Magharibi. Thika uliletwa na kupandwa, ukakubali bila kusumbua mtu. Miti ina tabia, kama watu.

Kutoka Thika nikaendelea hadi Makuyu, ukishapita mananasi yale yasiyokwisha. Huko mwembe ni mti wa biashara. Embe za huko hukomaa baadaye kuliko zetu. Zako zikishaanza kujaa sokoni Malindi mwezi wa Novemba, hizi zingali ngumu mtini, ndipo zikatoka baada ya mwaka mpya.

Kupanda Githunguri sikupenda sana, naungama tu. Ukungu, ng'ombe wa maziwa, majani ya tembo, mikima, ile grevillea, iliyopangwa mipakani. Mwembe wa mwisho niliuona mapema tu njiani, mwembamba, hauna hata ua. Baada ya hapo parachichi, na parachichi, na parachichi.

Basi jibu lako. Ngowe usimtumie. Ni embe la Lamu, na kulileta kwenye Julai ya Ruiru ni kulionea. Kama binti yako anataka mwembe kwa sababu ya kwao, na nadhani ndivyo, atafute mmoja tu wa kupandikizwa, Tommy Atkins ikiwezekana, kwa kuwa unastahimili madoa meusi kuliko wengi. Ajabu yake ni kwamba huo umetoka Florida, nyumbani kwa ule mwaloni niliokutajia. Aupande upande wa ukuta unaopigwa na jua la mchana, mahali pakavu pasipotuama maji, apogoe matawi ya katikati ili upepo upite. Mwaka utakaokosa wingu atakula embe kumi. Upande wa pili wa ua aweke parachichi, hilo litamlisha kila mwaka.

Pesa ulizotenga za miche na nauli ya basi nitumie kwa simu, nitamnunulia huku huku Thika. KALRO, wale watafiti wa kilimo wa serikali, nao wana kituo chao Kandara kinachoshughulikia matunda. Na mwambie Mama asinifungie mahamri, yatafika yamekuwa mawe. Anifungie bizari.

Mpwa wako