Njia za Changarawe Zisizopitwa na Motokaa

Katika vijiji vyetu lami ni neno tamu. Barabara ikitiwa lami, watu husema maendeleo yamefika, wala hatuwakatalii, maana mgonjwa hufika hospitali upesi, na nyanya hufika sokoni kabla hazijaoza. Lakini barabara ile ile huwafukuza watu walioizoea: mtoto aendaye shule, mama mwenye kuni kichwani, na mzee juu ya baisikeli yake. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za njia nyingine tulizoziona Uingereza, zilizofanywa kwa changarawe kwa makusudi, ambazo motokaa haziruhusiwi kupita.

Mwezi wa Julai, mwaka 2023, tulialikwa na walimu wa shule iliyo rafiki ya shule yetu, katika jimbo la Derbyshire, nchi ya vilima na mawe ya chokaa iliyo katikati ya Uingereza. Tulikuwa walimu wawili. Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mwenye miaka zaidi ya 70, lakini miguu yake ingali na nguvu. Alituazima baisikeli, akatupeleka mpaka mji mdogo wa Ashbourne, ambako huanza njia iitwayo Tissington Trail. Urefu wake ni maili 13, yaani kama kilometa 21, hata mahali paitwapo Parsley Hay. Hapo hukutana na njia nyingine, High Peak Trail, yenye maili 17.

Njia hizi zamani zilikuwa reli. Ile ya Ashbourne ilifunguliwa mwaka 1899, ikachukua abiria, maziwa na mawe. Baadaye motokaa na malori yakazidi, na reli nyingi za mashamba zikawa hazileti faida. Mwaka 1963 bwana mmoja jina lake Beeching alitoa taarifa yake mashuhuri, akashauri kufungwa kwa maili kama 5,000 za reli na steshini zaidi ya 2,000. Nyingi zilifungwa kweli. Reli za chuma ziking'olewa, hubaki tuta, madaraja, na majani yanayoota.

Hapo ndipo watu wa Derbyshire walipofanya jambo la busara. Peak District ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Uingereza, iliyowekwa mwaka 1951. Wakuu wa hifadhi hiyo waliinunua njia ya reli ingali nzima, wakaifungua kwa watu wa miguu, wa baisikeli na wa farasi mwaka 1971. Mahali pengine mambo hayakuwa hivyo. Ardhi ya reli iliuzwa vipande vipande; huyu akajenga nyumba, yule akalima, daraja likabomolewa, na njia iliyokatwa mara kumi si njia tena.

Msomaji atauliza, Kwa nini njia ya reli ni njema kwa baisikeli? Sababu ni hii. Gari moshi haliwezi kupanda mlima mkali, kwa kuwa gurudumu la chuma huteleza juu ya reli ya chuma. Basi wajenzi walikata vilima na kujaza mabonde, ili njia ipande polepole. Kilichomsaidia gari moshi leo humsaidia mtoto wa miaka sita na bibi wa miaka themanini. Tulipanda toka Ashbourne muda mrefu, wala hatukushuka kuisukuma baisikeli hata mara moja. Lakini katika High Peak Trail, reli ya zamani sana iliyokamilika mwaka 1831, kuna miteremko mikali, ambapo mabehewa yalivutwa kwa kamba na mashine ya mvuke iliyosimama juu mlimani. Mashine moja ingalipo mpaka leo, mahali paitwapo Middleton Top.

Tuliangalia sana jinsi njia ilivyotengenezwa. Juu wametandaza mawe ya chokaa yaliyopondwa, makubwa chini na madogo juu. Unga wake ukilowa na kushindiliwa hushikamana ukawa mgumu. Katikati huinuliwa kidogo, ili maji ya mvua yatelemke pembeni yakaingie katika mfereji. Si elimu mpya hii. John Loudon McAdam, Mskoti aliyesimamia barabara za Bristol tangu mwaka 1816, alifundisha kwamba mawe madogo yaliyovunjwa vema, juu ya udongo mkavu ulioinuliwa, yatosha kubeba magari. Lami ilikuja baadaye. Adui wa changarawe ni maji yaliyotuama, na kila mwanakijiji wetu alijua hayo kabla ya kuambiwa na mtu.

Siku ya pili tulikwenda Monsal Trail, maili 8 na nusu, karibu na mji wa Bakewell. Hiyo ilikuwa reli kubwa, iliyofunguliwa mwaka 1863 na kufungwa mwaka 1968. Hupita juu ya daraja refu la matao lililo juu ya mto Wye, kisha huingia ndani ya milima. Matundu manne yaliyotobolewa mlimani, kila moja kama mita 400, yalifungwa zaidi ya miaka 40, hata yakatengenezwa na kutiwa taa mwaka 2011. Tulipoingia la kwanza baridi ilitushika, ingawa nje jua lilikuwa kali. Maji yalidondoka toka juu, na sauti za watoto zilirudi kama za watu wengi. Hatukusikia honi wala ngurumo ya injini. Tulisikia kengele ndogo za baisikeli tu, na neno la asante.

Maana njia hizi zina adabu zake. Mwenye baisikeli hupunguza mwendo amwonapo farasi, naye humwachia mwenda kwa miguu nafasi. Tangu mwaka 1968 sheria ya nchi imewaruhusu wenye baisikeli kutumia njia za farasi zilizo mashambani, kwa sharti hilo hilo, kwamba wawapishe wapandao farasi na waendao kwa miguu.

Lakini tusisifu mno. Tulipopumzika Millers Dale, mbele ya steshini ya zamani, mwenyeji wetu alitutazama akasema, “Wanangu, nilipokuwa mvulana nilipanda gari moshi hapa hapa. Njia hii naipenda, lakini hatukuipata bure.” Wako watu hata leo watakao gari moshi lirudi Monsal. Tena tuliona motokaa nyingi uwanjani, zimechukua baisikeli migongoni, kwa kuwa njia salama haifiki mlangoni kwa kila mtu.

Maneno ya mzee yule yalituchoma, kwa sababu tulikuwa na jambo moyoni. Barabara ipitayo mbele ya shule yetu ilitiwa lami. Mwaka wa pili, mwanafunzi wetu wa darasa la tano aligongwa na lori asubuhi, akafa. Tuliyahesabu madaftari yake sisi wenyewe, tukampelekea mama yake. Zamani watoto walipita njia ya mguu, nyuma ya mashamba, chini ya miembe. Njia hiyo ilizibwa viwanja vilipogawiwa na kuzungushiwa ua. Hakuna aliyeiziba kwa ubaya. Haikuandikwa mahali popote kuwa ni njia.

Wahenga walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Lami ni msala mzuri, lakini mbacha wetu ni ile njia ya mguu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika mpango wa matumizi ya ardhi. Basi siku ramani itakapoletwa mbele ya mkutano, kabla kiwanja cha kwanza hakijapimwa, asimame mzazi mmoja aombe njia ya shule ichorwe humo, upana wa watu wawili na baisikeli moja. Gharama yake ni kokoto, majembe, na mfereji wa maji kandokando. Sisi tumekwisha kuomba katika kijiji chetu. Mwenyekiti ameahidi kuleta neno hili katika mkutano ujao, nasi tutakuwapo, pamoja na mama wa yule mtoto.