London hadi Paris: Angani karibu, ardhini mbali

Ukiitazama ramani ya Ulaya, London na Paris ni majirani. Ukipiga mstari ulionyooka kutoka jiji moja hadi jingine utapata kilomita 344 hivi, mwendo mfupi kuliko wa Nairobi na Mombasa. Kati yao kuna mlangobahari ambao Mfaransa Louis Blériot alikuwa mtu wa kwanza kuuvuka kwa ndege yenye injini, mnamo Julai 25, 1909.

Miaka kumi baadaye, Agosti 25, 1919, safari za abiria za kila siku zilianza baina ya miji hiyo. Ndege za wakati huo, za mbao na kitambaa, zilichukua kama saa mbili na nusu.

Siku hizi ratiba huonyesha saa moja na robo hivi. Lakini msomaji, ratiba isikuhadae. Muda huo huhesabiwa tangu ndege inapong'oa nanga hadi inapoegeshwa. Angani kwenyewe mara nyingi haimalizi saa nzima.

Kazi iko chini. Uwanja wa Heathrow uko magharibi mwa London, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, kwa hivyo msafiri huanza kwa kuipa Paris kisogo. Nao uwanja wa Charles de Gaulle uko kama kilomita 25 kaskazini mashariki mwa Paris. Ongeza saa mbili za kuwahi uwanjani, foleni ya pasipoti, kungojea mizigo na treni ya kukuingiza mjini. Safari ya saa moja na robo imekuwa ya saa tano!

Ndiyo sababu wengi hupenda treni ya Eurostar, iliyoanza kubeba abiria Novemba 14, 1994. Hupita katika handaki la kilomita 50, ambapo 38 ziko chini ya bahari. Tangu mwaka wa 2007 treni hiyo hutoka kituo cha St Pancras na kuishia Gare du Nord, vyote vikiwa ndani ya jiji, kwa muda wa saa mbili na dakika 20 hivi. Maafisa wa Ufaransa hukagua pasipoti papo hapo London, na ukishuka Paris unashika njia yako.

Kumbuka pia kwamba saa za Paris ziko mbele kwa saa moja. Ndege ikitoka London saa nne asubuhi, hutua saa sita na robo za huko. Ukirudi, unaondoka saa nne na kufika saa nne na robo.

Hata hivyo, kwa Mkenya kizuizi kikubwa si kilomita wala saa. Ni viza. Ufaransa imo katika mkataba wa Schengen, ambao Uingereza haikujiunga nao kamwe. Viza ya London haikufungulii mlango wa Paris. Tena, anayetembea tu Uingereza kwa kawaida hutakiwa kuomba viza ya Schengen katika nchi anakoishi. Kwa hivyo unayepanga kumtembelea ndugu London na kuiona Paris, shughulikia viza zote mbili ungali Nairobi, ndipo ununue tikiti. Mwenda pole hajikwai.