Mzigo wa Mpagazi

Shangazi alinionyesha karatasi ya utafiti wa saratani ya matiti aliyopewa Dar es Salaam: arudi kila baada ya wiki tatu. Akacheka. "Mwanangu, hawa wanajua Tabora iko wapi?"

Nauli ya treni nani atoe? Tumbaku shambani nani avune? Akaacha. Bila shaka kwenye daftari lao aliandikwa mtoro.

Nikawakumbuka wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, njia ya Bagamoyo hadi Ujiji kupitia hapa kwetu. Hawakuinua mzigo mpaka waafikiane ujira na posho. Tajiri mwenye kiburi aliamka kambini, wapagazi hawapo!

Azimio la Helsinki, liliporekebishwa mwaka 2024, lilitaka watafitiwa na jamii zao washirikishwe kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake. Jamani, babu zetu walilijua hilo.

Shangazi hakukataa utafiti. Mara ya mwisho kuongea naye alisema, "Wangeniuliza tu, ningewaambia damu waichukulie hapa hapa Kitete, nami ningekwenda Dar baada ya mavuno."

Hakuna aliyemuuliza. Mwenye mzigo alikuwa yeye.